Aliitwa, Akaitika

Mwaka ule wa msiba wetu nilikuwa nasuka nywele mtaa wa Nyakabiga, mjini, kwenye saluni ya tantine mmoja ambaye hakuwa ndugu yetu, ila mtaa mzima ulimwita tantine, yaani shangazi. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: viti viwili, kioo, na pazia la kuficha kitanda. Mimi niliiona kubwa. Nilikuwa nimekwisha kujenga yangu kichwani, yenye zile kofia za kukaushia nywele zimepangwa ukutani kama abiria wanaosubiri basi, na jina limeandikwa kwenye kioo kwa rangi nyekundu. Jina nilikuwa nalibadilisha kila wiki. Shule niliiachia mwanzoni mwa sekondari, vita vilipofunga njia, na sikuilaumu sana. Vidole vyangu vilikuwa na akili kunizidi.

Tulikuwa tumetoka Carama, pembeni mwa mji. Kule tulikuwa na nyumba yetu, migomba nyuma, kibaraza mbele. Kaka yangu mkubwa aliuawa kwenye nyumba hiyo, Jumamosi mchana, wakati kwaya ya kanisa letu ikifanya mazoezi sebuleni. Watu wenye bunduki walipita, wakapiga, wakaenda zao. Walikuwa kina nani? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyelisema kwa sauti. Waimbaji waliruka madirishani wakakimbilia kwenye migomba, wote wakapona. Mimi nilikuwa mjini. Mama alikuwepo. Baada ya mazishi, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alituhamishia kwake Nyakabiga, tukabanana vizuri tu.

Kaka alikuwa mtu wa kurekodi. Alikuwa na redio kubwa ya kaseti, na kila kwaya ilipofanya mazoezi alitaka kuikamata sauti yake. Aligundua kwamba ndani ya chumba sauti zinapigana, ukiweka redio nje kwenye kibaraza, chini ya dirisha, zinatoka zimetulia. Kwa hiyo siku ile wenzake walikuwa ndani wanaimba, yeye yuko nje na redio yake. Alipokufa, redio iliendelea kuzunguka mpaka kaseti ikaisha. Kifo chake kimo mle, chote.

Kaseti hiyo ilizua ugomvi nyumbani kabla hata sijajua vizuri kilichomo. Kulikuwa na shirika moja mjini lililokuwa likikusanya ushahidi wa watu waliouawa katika vita. Baba mdogo akawapelekea bila kumuuliza mama. Mama aliposikia, alifunga kitenge chake akaenda kwa miguu mpaka biro yao, yaani ofisini kwao, akawaambia ile sauti ni ya mtoto wake, hataki mtu yeyote aisikie. Wakakubali. Kaseti ikafungiwa kabatini, ikaandikwa kwamba haifunguliwi bila ruhusa ya mama. Ila walikuwa wamekwisha kuisikiliza mara moja na kuiandika kwenye karatasi, na karatasi iliwekwa kwenye chumba chao cha kusomea, ambacho mtu yeyote angeweza kuingia na kusoma. Mama hakuijali karatasi. Alisema karatasi haina sauti.

Kumbe ina sauti.

Niliijua siku moja asubuhi saluni. Aliingia mama mmoja wa kwaya yetu, mwimbaji wa sauti ya pili, ambaye nywele zake nilizisuka tangu nikiwa najifunza, tena yeye ndiye aliyevumilia mistari yangu ya kwanza iliyopinda kama njia ya mbuzi. Nikamfagilia kiti. Akanipita, akakaa kwenye kiti cha tantine.

"Mama, niko huru," nikasema.

"Nimeona."

"Sasa?"

"Leo nataka tantine."

Tantine hakuwahi kumsuka mtu huyo hata siku moja. Kichwa chake kilikuwa changu. Akanitazama, nikamtazama, akaanza kumsuka. Nilifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Alipoondoka nikamuuliza tantine kuna nini.

"We haujasikia?" akasema. "Wanakwaya wamekwenda kusoma ile karatasi ya kaka yako. Imeandikwa kwamba kabla ya risasi alipaza sauti, akasema 'Aishi!' Kama vile watu wa siasa wanavyosema. Wanasema aliwaita wale wa bunduki. Wao wakiwa ndani wanaimba, yeye nje anapiga mayowe."

"Aishi nani?"

"Haijaandikwa nani. Njo maana kila mutu anaweka wake."

Nilicheka. Sijui kwa nini, ndivyo nilivyo, jambo likinishinda nacheka kwanza. Kaka yangu hakuwa na chama. Alikuwa na kaseti. Lakini nikaanza kukumbuka. Tangu miezi kadhaa hakuna mwanakwaya aliyekuja kwetu. Na mama alikuwa anakataa kupanga siku ya kuganduka. Kwetu msiba una mlango wa kutokea: siku ya kuganduka watu wanakuja, wanakula na kunywa, wanasema neno la mwisho juu ya marehemu, halafu wafiwa wanarudi kwenye maisha yao. Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha. Kila baba mdogo alipouliza tarehe, mama alijibu, "Atakuja nani?" Mimi nilidhani ni huzuni tu. Kumbe alikuwa amejua zamani kwamba kwaya haitakuja kumwimbia mtoto wake, na akanyamaza.

Basi nikaamua. Siwezi kusema nilikuwa na mpango. Niliamua tu kwamba lile neno litatoka kwenye karatasi ile kabla ya mwaka kuisha, na mama ataganduka na watu uani.

Biro ya shirika ilikuwa ghorofani, ngazi zina harufu ya karatasi na chai. Aliyesimamia chumba cha kusomea alikuwa madamu mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Aliniletea ukurasa wa kaka bila kuniuliza mimi ni nani. Hiyo ilinichoma kidogo. Ulikuwa kwa Kifaransa, nikausoma polepole: kwaya inaimba, kwaya inaimba, mwanaume yuko karibu na mashine, anapaza sauti: *Aishi!* Risasi. Chini yake kulikuwa na mistari mingine ambayo niliifunika kwa mkono.

"Madamu, hili neno alilisema kwa lugha gani?"

"Muulize aliyetafsiri," akasema, akamwita mzee mmoja kutoka chumba cha pili.

Alikuwa mkimbizi wa Kongo, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu, mwembamba, mwenye tabasamu la mtu anayeomba radhi kabla hujamkosoa. Kifaransa chake kilikuwa cha mwalimu, Kiswahili chake cha kwetu sote, na Kirundi, alisema mwenyewe, amekiokota njiani. Akaleta daftari lake la kazi, akatafuta mahali.

"Alisema Kirundi, mwanangu. Hapa. Nilisikia neno moja, sauti ya juu sana, nikaliandika vile vile. *Karame.* Na *kurama* ni kuishi miaka mingi, siyo? Basi: aishi, aishi miaka mingi. Nimekosea?"

Nilicheka tena, na safari hii machozi yakaja pamoja na kicheko, madamu akanisogezea kiti.

Kwa asiyejua Kirundi niseme hivi. Mtoto wa Kirundi akiitwa na mama yake, au na mkubwa yeyote, hajibu "nini" wala "niko hapa." Anajibu *Karame.* Ndiyo "abee" yetu. Ndiyo "naam." Ukiifungua ndani utakuta kweli inamtakia mkubwa maisha marefu, lakini nani anaifungua? Kaka yangu alisema *Karame* mara ngapi kwa siku, akiwa anakula, akiwa chooni, akiwa amelala. Tulifundishwa kabla ya kujua kufunga vifungo.

Nikamweleza yule mzee. Akavua kofia yake, akaishika mkononi.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Kwa hiyo alikuwa anaitika."

"Njo hivyo, baba. Alikuwa anaitika."

"Na mi nimemfanya anapiga siasa." Akamgeukia madamu. "Tubadilishe leo."

Madamu akatikisa kichwa. Hakuwa mkali; alikuwa na kanuni. Ukurasa haubadilishwi kwa sababu ndugu wa marehemu amekuja kusema ubadilishwe, akasema, maana kila siku wanakuja ndugu wanaotaka hiki kitoke na kile kiingie. Ukurasa unabadilishwa kwa kusikiliza kaseti tena, mbele ya shahidi, na kuthibitisha kwamba kweli kuna mtu aliyeita. Na kaseti imefungwa.

"Ifungueni."

"Funguo iko kwenu, dada. Mama yako ndiye aliifunga."

Nikamuuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini basi karatasi wameiacha wazi kama gazeti. Akavaa miwani yake kunitazama vizuri.

"Kwa sababu kila anayeua anategemea mlango uliofungwa," akasema. "Chumba hiki kiko wazi ili mtu asije kesho akasema hawakufa. Mama yako nilimwelewa. Lakini sikuweza kumfunga mtoto wake mara mbili."

Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba jioni hiyo hiyo mambo yatakwisha. Ndivyo nilivyokuwa; nikiona mlango nahesabu kwamba nimekwisha kupita.

Nyumbani mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga ya lengalenga, baba mdogo anasikiliza habari. Nikaeleza yote, nikaigiza hata yule mzee na kofia yake. Baba mdogo akazima redio.

"Sasa unaona?" akamwambia mama. "Mi nilisema tangu mwanzo. Iachwe wazi, isikike yote, mwanzo mpaka mwisho. Hata kwenye redio. Watu wasikie vile tulifanyiwa."

"Apana."

"Shemeji, kama hawasikii, watasema hatukufa."

"Wajue alivyokufa, sikatai," mama akasema, bila kuinua macho. "Nakataa wamsikie akifa. Kufa kwake si habari za saa sita."

"Hata kwa kumsafisha jina?"

"Nimesema."

"Basi tutabaki na hilo jina. Mutoto wa kwetu, mupiga mayowe."

"We ulimpeleka kule," mama akasema. "Wewe. Bila kuniuliza. Sasa unataka nikushukuru?"

Baba mdogo akainuka akatoka nje kwenda kusimama barabarani, ndiyo ilikuwa tabia yake akishindwa. Mimi nikajaribu upole. Nikasema si lazima kusikia mpaka mwisho, ni pale kwenye neno tu. Mama akasema hapo hapo kwenye neno ndipo hataki. Sikuelewa. Nilidhani hataki kusikia sauti ya kaka akiwa mzima, na nikaona nina njia nyingine, njia nzuri, isiyomgusa mama kabisa.

Maana nilifikiri hivi: mtu hasemi *Karame* hewani. Ameitwa. Basi kuna aliyemwita, mkubwa fulani, jirani, mzee aliyekuwa anapita. Nikimpata huyo, ataenda kwa madamu aseme, "Ni mimi nilimwita, akaniitika," na kaseti ibaki kabatini.

Nikaanza kuuliza. Watu wa Carama walikuwa wametawanyika, wengine Nyakabiga kama sisi, wengine kambini, wengine walikuwa wanashinda Gatumba mpakani wakivusha nyanya na vitenge kwenda na kutoka Kongo. Kila mteja aliyewahi kuishi kule nilimshika kichwa nikamhoji. Nilikwenda mpaka Gatumba kumtafuta jirani yetu mmoja wa ukuta kwa ukuta, mzee wa kuuza samaki wakavu, ambaye alikuwa akimwita kaka kila mara amwekee betri kwenye tochi.

"Siku ile?" akasema. "Mi siku ile nilikuwa huku huku, mwanangu. Ningemwita vipi, kwa simu?"

"Labda mke wako."

"Muke wangu alikuwa na sauti gani ya kushinda kwaya?" Akanipa samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. "Mupelekee mama yako. Na uache kuuliza uliza. Watu wanaanza kuona kama unatafuta wa kumushitaki."

Sikuacha. Nilimuuliza mpaka mama wa uji. Nilikuwa nafurahi hata, nakiri, kama mtu anayefukuza kuku na anaona atamshika. Na habari zikamfikia mama kwamba binti yake anazunguka mji mzima anauliza nani alimwita kaka yake.

Nilimkuta amekaa mahali pale pale, kwenye mkeka, na lengalenga mapajani, lakini mikono haifanyi kazi. Baba mdogo hakuwepo. Akaniambia kaa.

"Usimuulize mutu tena."

"Mama, nakaribia kumpata."

"Ni mi."

Nilisikia, ila nikauliza, "Nini?"

"Nilikuwa nyuma, jikoni. Sufuria ya maharagwe. Nilimwita aje kunishushia. Aliitika kwenye kibaraza, nikasikia anakuja, anapita pembeni ya nyumba. Hakufika." Akaitazama mikono yake. "Ile sufuria mi mwenyewe ningeiweza. Nilikuwa nimezoea tu kumwita. Asingetoka pale chini ya dirisha, angeruka ndani, akatokea upande wa pili na wenzake."

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa kwenye kaseti. Siyo kufa kwake tu. Ni sauti yake mama, ikimtoa mtoto wake mahali pa salama. Ndiyo alikwenda kuifungia kabatini, na mwaka mzima alikuwa anaishi nayo peke yake, huku mimi nafikiria jina la saluni.

Nilichukua nusu ya lengalenga kutoka mapajani mwake nikaanza kuchambua. Yeye pia akaanza. Tulipofika karibu na mwisho, nikasema kile nilichokuwa nafikiri, bila kupanga, na bila kujua kama kitamponya au kitamuumiza.

"Basi neno lake la mwisho alikujibu wewe."

Mama aliendelea kuchambua.

"Siyo watu wa bunduki. Wewe. Alikwambia uishi."

Aliweka mboga chini. Nilimwona uso ukibadilika, na si kwa kulia. Nimemwona mama hivyo mara chache: ni uso wa sokoni, muuzaji akimpunjia mchele.

"Na wao wameandika ni la nani?" akauliza.

"Hawajaandika ni la nani. Kila mtu anaweka wake."

"Neno langu," akasema. "Mutoto wangu ameniitika mi, na wamechukua wamepa watu wa bunduki." Akainuka, akajikung'uta kitenge. "Kesho tunakwenda."

"Mama, unaweza kwenda kusema tu. Siyo lazima—"

"Nikisema kwa mudomo watasema mama anamfichia mutoto wake. Hata mi ningesema hivyo. Watasikia."

Asubuhi tulikwenda watatu. Baba mdogo alisema anatusindikiza tu, na njiani alikuwa anatembea hatua chache nyuma kama mtoto aliyechapwa. Ngazini mama alisimama kupumua. Madamu alitukaribisha kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha la barabarani, akaleta kaseti ndani ya bahasha, na yule mzee wa Bukavu akaja akakaa mbele ya mashine.

Mama akasema kabla ya mtu mwingine kusema.

"Mutasikia mpaka neno. Neno likiisha, mashine inasimama. Mutu asiniguse, asiniambie pole katikati."

"Nani atasimamisha?" madamu akauliza. "Mama, baada ya neno ni muda mfupi sana."

Mzee akaweka kidole kwenye kitufe. "Mimi," akasema. "Mi nilishasikia yote, mahali napajua. Nyinyi hamuna haja ya kupajua."

Mama alimtazama yule mzee kwa muda. Nadhani ndipo alipotambua kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyesikia kufa kwa mtoto wake tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa kazi, na akabaki nako. Akamwambia, "Asante, baba," kwa Kiswahili, halafu akaitikia kwa kichwa kwamba aanze.

Kwaya ikaimba. Karibu na mashine mtu akajikohoza, na nikamjua kwa kikohozi hicho. Akasogeza kitu. Akaimba mstari mmoja pamoja na wenzake, kwa sauti ya chini, akaacha. Kisha kutoka mbali, nyuma ya nyumba, nyuma ya wimbo, sauti ya mwanamke ikaita jina lake. Usipojua kwamba ipo huisikii. Hata mzee hakuwa ameisikia. Ikaita tena, ya pili ndefu zaidi, ile ya mama anayejua mtoto anafanya makusudi kutosikia. Na karibu kabisa, kwa nguvu, ili ipite juu ya kwaya nzima:

"Karame!"

Kidole kikabonyeza. Kimya.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikaa hivyo, na hakuna aliyemgusa wala kumwambia pole. Baba mdogo alikuwa anatazama ukuta. Mzee alikuwa anaandika, na nilisikia kalamu yake.

"Alikuwa na haraka," mama akasema mwishoni. "Mnasikia? Alikuwa na haraka ya kuja."

Halafu mambo yakageuka kazi, na nafurahi yaligeuka kazi, maana sote tulihitaji kushika kitu. Madamu alitaka iandikwe: mama yake anamwita mara mbili, anaitika. Akamuuliza mama kama kweli anataka neno "mama" liingie, maana ukurasa uko wazi na watu watajua. Wangeweza kuandika "mkubwa wake," ingetosha. Mama akafikiri.

"Andika mama."

"Na kaseti?"

Hapo baba mdogo akakohoa. Nilidhani ataanza tena na redio. Akasema, "Anavyotaka yeye."

Mama alitaka hivi, na alisema kama mtu aliyelala akiyapanga: kipande kile, kuanzia wimbo mpaka *Karame*, kitolewe, kiwe wazi kwa yeyote atakayeingia chumba kile, hata mtoto wa shule, hata adui. Kilichobaki kisifunguliwe, si kwa kamisheni yoyote ya uchunguzi, si kwa redio, si kwa shemeji, si kwake mwenyewe. Madamu alisema siku moja mahakama inaweza kukihitaji. Wakavutana kidogo, kwa heshima, wanawake wawili wasiorudi nyuma. Walifika hapa: mahakama ikija na karatasi yake, itamuuliza mama kwanza uso kwa uso, na akiwa amefariki itaniuliza mimi. Ndivyo nilivyopewa funguo ya kabati, mimi niliyekuwa natafuta funguo ya saluni.

Tukapewa nakala ya kile kipande. Nilisema tuwapelekee kwaya kanisani. Mama akakataa. Waje nyumbani, akasema, walikotakiwa kuwa mwaka mzima.

Kuwaleta ilikuwa kazi yangu, na niliifanya bila adabu nyingi. Nilikwenda kwa yule mama wa sauti ya pili, nikamkuta anaosha vyombo uani, nikamwambia mama yangu anawaita, wote, Jumapili baada ya ibada. Akasema ataona. Nikachutama nikaanza kuosha vyombo pamoja naye.

"Unafanya nini?"

"Nasubiri uone."

"We mutoto una kichwa kigumu."

"Ndiyo, mama. Na hicho chako mistari imeanza kufumuka. Tantine anabana sana."

Alijizuia kucheka, hakuweza vizuri.

Walikuja. Siyo wote, lakini walijaza ua wa baba mdogo, wakakaa kwenye viti vya kuazima bila kuegemea, kama watu walioingia benki. Mama hakutoa hotuba. Alisema tu, "Humu munaimba nyinyi. Halafu sikieni nyuma yenu," akabonyeza redio mwenyewe. Wakasikia wimbo wao. Nilikuwa natazama nyuso. Sauti ya mama ilipoita mara ya kwanza hakuna aliyeisikia. Ya pili, mwimbaji mmoja aligeuka kumtazama mama, akaweka mkono mdomoni. Na neno lilipokuja hakukuwa na haja ya kumtafsiria mtu. Kulikuwa na mtoto wa jirani anacheza mlangoni. Alipolisikia alitazama nyuma kuona nani ameitwa.

Kaseti ikakatika. Watu walibaki wanatazama chini. Mzee wa kwaya akaanza, "Mama, sisi tulisoma tu vile ilivyoandikwa…" na akashindwa kumaliza, na mama hakumsaidia kumaliza. Alimwacha akae nayo kidogo. Niliona ni haki.

Ndipo yule mama wa sauti ya pili akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na anataka kitu kingine cha kusema:

"Lakini jamani. Tulikuwa tunaimba vibaya hivi?"

Mtu akacheka puani. Mwingine akasema ni soprano waliopanda mno, soprano wakasema ni besi waliolala. Wakaanza kubishana hapo hapo, kuhusu mstari wa pili, nani aliingia mapema. Mmoja akauliza kama kile kipande kitabaki wazi kule mjini, watu wawasikie wakiimba hivyo milele.

"Kitabaki," mama akasema. "Kiko wazi."

"Mungu atusaidie."

"Basi siku ya kuganduka muimbe vizuri," mama akasema, na akawatajia siku.